"Nimepona Presha, Dawa Nimeacha"

Mzee mmoja wa miaka 74 aliingia kliniki anatabasamu. Kabla sijamaliza shikamoo akasema, "Mwanangu, mwezi uliopita mlinipima 128 kwa 78. Nimepona, dawa nimeacha." Nikampima: 182 kwa 100. Alikuwa wa tatu siku hiyo.

Wazee wangu, ile 128 ilikuwa kazi ya kidonge. Wengi hudanganywa na amlodipini, dawa ya presha, kwa kuwa haina haraka ya kutoka mwilini: nusu yake tu huchukua saa 30 hadi 50. Ukiiacha leo, keshokutwa kipimo bado kizuri, unatamba kwa majirani. Kisha presha inarudi kimyakimya, kwani kwa wengi haina dalili yoyote. Anayengoja kichwa kimuume ndipo ameze dawa anangoja kiharusi. Atenololi na propranololi, dawa nyingine za presha, zina hatari ya aina nyingine: ukizikata ghafla presha huweza kuruka, na mwenye ugonjwa wa moyo akapata shambulio.

Dawa ikikuvimbisha miguu, na amlodipini ina tabia hiyo, au ukisikia kizunguzungu unapoinuka, njoo tupunguze dozi au tubadilishe. Njoo na mfuko wa dawa zako zote, pamoja na ile diklofenaki ya maumivu ya magoti uliyojinunulia dukani. Hiyo hupandisha presha na kuumiza figo, halafu lawama zinakuja kwangu kwamba dawa zangu hazifanyi kazi.

Eti presha ya mtu mzima ni mia moja jumlisha umri, hivyo bibi wa miaka 80 akiwa na 180 yuko sawa. Hesabu hiyo imepitwa na wakati. Utafiti wa HYVET uliochapishwa 2008 ulihusisha watu 3,845 wa miaka 80 na zaidi, na vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopewa dawa ya presha.

Dona nayo si dawa ya kisukari. Ina wanga, na wanga huishia kuwa sukari, kwa hiyo angalia ukubwa wa tonge kabla ya rangi ya unga. Mtoto wa jicho hatoki kwa matone wala asali. Ni upasuaji, na si lazima ungoje "aive". Presha ya macho hupimwa machoni, kipimo cha mkononi hakiwezi kuisema.

Yule mzee nimemwanzishia tena. Vidonge vitakaa kando ya mswaki wake, na mjukuu amekubali kuvihesabu kila Jumapili.