Modeli ya pande tatu ya pafu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika kliniki ya upasuaji wa kifua, dhana inayonichosha kuliko nyingine zote ni ile ya kwamba modeli ya pande tatu ni kipimo kipya, chenye uwezo wa kuona kile ambacho CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, haikukiona. Mgonjwa huja na bahasha ya filamu na kuomba afanyiwe "ile ya 3D" ili ijulikane kama uvimbe wake ni saratani, na wapo wanaoahirisha kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) kwa kuisubiri.

Modeli haipigi picha yoyote. Programu ya kompyuta huijenga kutokana na picha zilezile za CT, kwa kutenganisha njia za hewa, ateri na vena (mishipa ya damu inayoingia pafuni na inayotoka) na uvimbe, kisha mtaalamu huikagua na kuisahihisha. Kisichokuwamo katika CT hakitapatikana katika modeli. Picha zikikatwa kwa unene wa milimita 5, tawi la ateri lenye kipenyo cha milimita 2 huweza kupotea kabisa au kuonekana limeungana na vena iliyo jirani, na daktari hukabidhiwa ramani ya kupendeza inayompotosha. Ndiyo maana kila mara nasisitiza: ombeni CT ya unene wa milimita 1 au pungufu, yenye dawa ya kung'arisha mishipa ikiwa figo zinaruhusu, na mje na CD yenye picha zote, kwa sababu filamu na ripoti hazijengi modeli. Saratani yenyewe huthibitishwa na kinyama chini ya hadubini. Rangi ya uvimbe kwenye skrini huchaguliwa tu na anayetengeneza modeli.

Faida yake ni kubwa, ila iko kwingine. Matawi ya ateri ya pafu hutofautiana sana baina ya watu, hasa katika lobu (sehemu kubwa ya pafu) ya juu ya kushoto, na anayeondoa segmenti moja, yaani kipande kidogo cha lobu, anapaswa kujua mapema tawi lipi alifunge na vena ipi aiache, na kama atapata ukingo salama wa pafu zima kuzunguka uvimbe, wa angalau sentimita 2 au unaolingana na kipenyo cha uvimbe.

Wengine husema kuondoa segmenti badala ya lobu nzima ni kuacha saratani ndani. Utafiti wa Japani, JCOG0802, uliochapishwa mwaka 2022, ulihusu uvimbe wa pembezoni mwa pafu usiozidi sentimita 2: baada ya miaka 5 walikuwa hai asilimia 94.3 ya walioondolewa segmenti na asilimia 91.1 ya walioondolewa lobu, ingawa saratani kurudi palepale kulionekana zaidi kwa wa segmenti. Uvimbe mkubwa zaidi ni habari nyingine.

Wala si lazima modeli ichapishwe kwa plastiki. Ya kwenye skrini, inayogeuzwa kila upande, mara nyingi inatosha.

Mwisho, modeli haiondoi mambo ya ghafla. CT hupigwa pafu likiwa limejaa hewa, ilhali tunalipasua likiwa limenywea, na pafu lililogandamana na ukuta wa kifua kutokana na TB ya zamani huenda lisijulikane mpaka tuingie. Aliyewahi kuugua TB, hata utotoni, amweleze daktari kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.