Mzee mwenye Alzheimer akizubaa ghafla, huenda ni kifafa

Bibi amekaa barazani Ngamiani na kikombe cha kahawa mkononi. Mara anakodoa macho, anatafuna ilhali kinywani hamna kitu, vidole vinachezea upindo wa kanga. Ukimwita haitiki. Baada ya dakika moja hivi anarudi, ila amechanganyikiwa na hakumbuki lolote. Hapa Tanga wengi watasema ni uzee, au amepandisha. Akiwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, fikirini kifafa.

Wengi wetu kifafa tunakijua kwa kuanguka na kutoka povu. Kwa wazee hawa mara nyingi huwa kimya kama hivyo, na kingine huja usiku usingizini. Protini ya amiloidi inayorundikana ubongoni huzifanya seli zisisimke kupita kiasi, hasa penye kuhifadhi kumbukumbu mpya. Usahaulifu wa Alzheimer huongezeka polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akipotea asubuhi na kuwa mzima mchana, kuna jambo jingine: kifafa, malaria, maambukizi ya mkojo, au sukari kushuka kwa aliyemeza glibenclamide, dawa ya kisukari, bila kula. Kwa hiyo sukari ipimwe kwanza.

Mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Andika saa, muda uliochukua, na mkono upi uliocheza. Nenda hospitali na dawa zote anazotumia, pamoja na zile za dukani. Tramadol ya maumivu, kwa mfano, huweza kuchochea kifafa. Kipimo cha umeme wa ubongo kikitoka safi hakijafuta kifafa. Chenye kurekodi usingizi hunasa zaidi.

Phenobarbital, dawa ya kifafa, ni ya bei nafuu, lakini humlaza mzee, humyumbisha hadi akaanguka, na huzidisha usahaulifu. Ulizeni kuhusu levetiracetam au lamotrigine, zinazoanzwa kwa dozi ndogo. Tunalisisitiza hili kwa sababu Alzheimer haijapata dawa ya kuiponya, ilhali kifafa chake mara nyingi hutulia.

Akianguka na kutetemeka, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Zikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Hata akikaa miezi bila kifafa, msimkatishe dawa ghafla: kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo.