Vichekesho vya vituko: pale mbavu zinapovunjika kweli

Mtu akicheka hadi machozi yakamtoka, tunasema amevunjika mbavu. Kuna aina ya vichekesho ambamo mbavu huvunjika kweli, na anayevunjika ni mchekeshaji mwenyewe. Wakati wa kurekodi Jackass Forever, filamu iliyotoka Februari 2022, mchekeshaji wa Marekani Johnny Knoxville alisimama mbele ya fahali akiwa amevaa kama mwanamazingaombwe. Fahali alimpiga pembe akamrusha hewani. Alipotua chini alikuwa amevunjika ubavu na kifundo cha mkono, ubongo umetikisika na damu imevuja ndani ya kichwa. Alikuwa mtu wa karibu miaka 50, mwenye mvi. Tukio hilo halikukatwa. Limo ndani ya filamu, na watu walilipa kiingilio kulitazama.

Wako waliotoka ukumbini wakisema hawajawahi kucheka vile. Wako pia wasioelewa mtu mzima anacheka nini hapo. Mgawanyiko huu umeifuata aina hii ya filamu tangu ianze, na kwa maoni yangu wengi huueleza vibaya wanapodai kwamba upande mmoja umestaarabika na mwingine haujastaarabika.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Ninaposema vichekesho vya vituko, nina maana ya filamu na vipindi ambavyo kicheko chake hakitokani na hadithi wala maneno, bali na jambo lililotendwa kweli mbele ya kamera. Mtu anajitia hatarini makusudi. Au anamtega mwenzake, au mpita njia asiyejua lolote, ndiyo ile vijana wanayoiita pranki. Au anafanya jambo la kutia kinyaa: matapishi, haja kubwa, na mengine ambayo kwa kawaida hatuyataji mbele ya wakwe. Mara nyingi yote matatu huchanganywa, ndiyo maana mtu akisema anazichukia filamu hizi ni vizuri kumuuliza anachukia lipi kati ya hayo.

Kucheka mtu akipigwa ni jambo la zamani sana. Vikundi vya maigizo vya Italia katika karne ya 16 vilikuwa na kifaa maalumu cha kazi hiyo: fimbo ya vibao viwili vyembamba vilivyoachana kidogo. Mwigizaji akimchapa nayo mwenzake, vibao hugongana na kutoa mlio mkubwa, lakini aliyechapwa haumii sana. Sauti ni ya kipigo kikali, maumivu ni ya kuigiza. Kila nikitazama vichekesho vya vituko naikumbuka fimbo hiyo, kwa sababu alichofanya Knoxville na wenzake ni kuiweka kando na kuchukua ya kweli. Mlio ni wa kweli na maumivu ni ya kweli.

Hata hivyo hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1928 Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, alisimama palepale huku ukuta mzima wa mbele wa nyumba ukimwangukia, akapona kwa sababu dirisha la ghorofani lilikuwa wazi na lilipita sawasawa alipokuwa amesimama. Angesogea hatua moja angekufa. Miaka 78 baadaye, wana Jackass, yaani Knoxville na wenzake, waliliiga tukio hilo katika filamu yao ya pili. Walijua wametoka katika ukoo gani.

Jackass yenyewe ilianza kama kipindi cha MTV Oktoba 2000, chini ya Knoxville, Spike Jonze na Jeff Tremaine. Tremaine alikuwa mhariri wa jarida la wachezaji wa ubao wa magurudumu, na hilo linaeleza mengi. Katika mchezo ule kuanguka kwenye lami ni jambo la kila siku, na kanda za video za wachezaji zilionyesha walivyoruka na pia walivyodondoka. Hatimaye mtu akagundua kwamba watazamaji wanarudisha nyuma sehemu za kudondoka. Knoxville alijiunga nao akiwa na wazo la kujijaribia vifaa vya kujilinda: akajipulizia dawa ya pilipili machoni, akajipiga shoti ya umeme, na mwisho akajipiga risasi kifuani akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi.

Nilitazama filamu ya kwanza ya Jackass sebuleni kwetu, binamu yangu akiwa ameileta kwenye flashi. Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele pembeni, ungo mapajani. Kwa dakika kumi hivi alinyanyua macho mara moja moja. Kisha kijana mmoja kwenye skrini akajiumiza mahali ambapo mwanamume hapendi kuumia, binamu yangu akaanguka kutoka kwenye kochi kwa kicheko, na mama mkubwa akaacha kuchambua. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Jamani, huyu hana mama?" Kisha akachukua ungo wake akaenda kukaa barazani.

Kwa muda mrefu nilidhani hakupendezwa na matusi na uchafu. Sasa naamini wawili wale walikuwa wanatazama vitu viwili tofauti. Binamu yangu alimwona kijana aliyeamua mwenyewe, akijua kinachokuja, wenzake wakiwa pembeni wamekufa kwa kicheko. Mama mkubwa aliuona mwili wa mtoto wa mtu ukiumizwa.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walitoa maelezo yanayosaidia hapa. Walisema tunacheka pale mambo mawili yanapokutana kwa wakati mmoja: kuna kitu kimevunjwa, iwe ni adabu, usalama au utaratibu tuliouzoea, na hapohapo tunaona kwamba hakuna ubaya. Kisipovunjwa kitu, hakuna cha kuchekesha. Kikivunjwa na ubaya ukabaki, tunaogopa, tunachukia au tunahuzunika. Kumtekenya mtoto ni mfano mzuri. Mkono wa mama unaovamia mbavu unamchekesha, mkono uleule ukiwa wa mtu asiyemjua unamliza.

Kwa hiyo swali la kila mtazamaji, hata kama hajiulizi kwa maneno, ni hili: je, hapa hakuna ubaya? Binamu yangu alijibu ndiyo, kwa sababu kijana aliinuka akicheka. Mama mkubwa alijibu hapana, naye alikuwa na ushahidi wake, kwani damu ilikuwa damu.

Mtego una mzani mwingine kabisa, na hapa ndipo naona mabishano mengi yanapotea njia. Anayejirusha mwenyewe amekubali. Anayetegwa hajakubali kitu, na ndiyo sababu ya mtego wenyewe. Katika filamu ya pili ya Jackass, ya 2006, mmoja wao, Ehren McGhehey, alivishwa kama gaidi wa Kiarabu, akabandikwa ndevu bandia, akapanda teksi kwenda uwanja wa ndege ili amtishe dereva. Hakujua kwamba dereva ni mwigizaji, na kwamba anayetegwa ni yeye. Dereva akatoa bastola, akamfungia kwenye buti. Alipofunguliwa, akiwa bado anatetemeka, wenzake wakamwambia kwamba zile ndevu zimetengenezwa kwa nywele za sehemu zao za siri.

Kama kichekesho kilichojengwa kwa ufundi, ni hodari: mwindaji ananaswa na mtego wake. Lakini mtazamaji wa Mombasa au Unguja anaweza asifike hata kwenye ndevu. Ataishia kwenye kanzu na kilemba, akijiuliza kwa nini mavazi ya baba yake yawe ndiyo tishio lenyewe. Siwezi kumwambia kwamba hajui kucheka. Kwake kilichovunjwa si usalama wa teksi, ni heshima ya watu wake, na hakuna mwisho wa tukio unaoirudisha.

Sisi tuna kipimo cha mambo haya, na kina jina: utani. Mngoni anaweza kumsema Mhehe maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi. Mtani anaweza kufika msibani akamuigiza marehemu, akadai chakula, akazuia shughuli mpaka apewe kitu, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mtoto humjibu kwamba mzee asiye na meno hamtaki. Kinachowezesha yote hayo ni kwamba nafasi zinajulikana kabla neno halijatamkwa. Mtani amezaliwa mtani, na kesho ni zamu yako kumtania.

Pranki huvamia mtu ambaye hana utani na anayemtania. Kenya walikuwa na kipindi cha Naswa, wapita njia wakitegwa kwa kamera iliyofichwa, na jina lenyewe linasema ukweli: umenaswa. Kinachoifanya ichekwe ni ile dakika ya mwisho, mtu anapoonyeshwa kamera, anashika kichwa, kisha anacheka. Dakika hiyo ni ombi la utani lililocheleweshwa. Akicheka, ameukubali. Asipocheka, tumebaki na mtu aliyeaibishwa hadharani. Baada ya filamu ya Borat ya 2006, ambayo nayo iliwatega watu wasiojua, baadhi ya Wamarekani waliorekodiwa walikwenda mahakamani. Wengi walishindwa kwa kuwa walikuwa wamesaini karatasi za kukubali. Saini ilimaliza kesi, aibu haikuisha.

Ninayoipenda zaidi katika aina hii ni Bad Grandpa ya 2013. Knoxville alipakwa sura ya babu wa miaka 86, kwa ustadi uliofanya filamu ichaguliwe kuwania tuzo ya Oscar ya upodoaji. Anasafiri na mjukuu wake, nao wanawafanyia watu wasiojua mambo ya aibu. Karibu na mwisho, katika baa moja, baba wa mtoto anakuja kumchukua, na ni dhahiri hafai. Ndani ya baa wamo wanachama wa kikundi cha waendesha pikipiki wanaotetea watoto wanaonyanyaswa. Hawajui kwamba ni maigizo. Wanaume wale wenye miili mikubwa wanamzunguka yule baba, nyuso zimekaza, kumlinda mtoto wasiyemjua.

Hapo kicheko kinanishika kooni. Mtego ule haukumdhalilisha aliyetegwa, ulimwonyesha akiwa bora kuliko alivyotarajiwa. Wapo wanaosema hata hilo ni kuchezea moyo wa mtu, na siwezi kuwapuuza. Mimi ningependa kunaswa hivyo.

Kuna lawama moja ambayo sijawahi kuona jibu lake la kutosha, nayo ni ya watoto. Mapema 2001 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Connecticut aliungua vibaya baada ya kuiga tukio la moto la kipindi cha Jackass. Seneta wa jimbo hilo, Joe Lieberman, alikishambulia kituo cha MTV hadharani, na kipindi kikasogezwa hadi saa nne usiku na kuendelea. Onyo la kutoiga lilikuwepo kila kipindi kilipoanza. Mtoto haoni mafundi wa moto wenye vizima moto waliosimama nje ya fremu. Anaona mtu anawaka, kisha anacheka. Leo mtoto wa Manzese au Kayole haihitaji hata televisheni. Video za kutishana kwa nyoka wa plastiki au kujifanya maiti ziko kwenye simu ya dada yake, bila onyo na bila saa nne usiku.

Wahakiki nao walibadilika. Filamu ya kwanza, ya 2002, iliwagawa karibu nusu kwa nusu, huku ikitengenezwa kwa takriban dola milioni 5 na kuingiza karibu milioni 79 duniani. Ile ya 2010 iliingiza zaidi ya milioni 170. Hii ya 2022 ilisifiwa na wahakiki wengi sana. Vituko ni vilevile, wanaovifanya ndio walikuwa wamezeeka pamoja mbele yetu, na mmoja wao, Ryan Dunn, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 2011. Mtu uliyemwona akiwa kijana anapoanguka na mvi kichwani, unamcheka kama unavyomcheka ndugu.

Swali la mama mkubwa nilikuja kupata jibu lake. Bam Margera, mmoja wa vijana wale, ana mama, na mama huyo yumo ndani ya filamu ileile ya kwanza. Anaingia jikoni kwake na kumkuta mamba ambaye mwanawe na wenzake wamemweka humo wakitaka kumsikia akitukana. Alipiga kelele, akatukana, na mwanawe akacheka. Nilimsimulia mama mkubwa. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama mamba alikuwa wa kweli. Nikamwambia alikuwa hai. Akacheka mpaka akashika ukuta.