Zamu tatu si wakunga watatu

Kila msimu wa kuandika PAO, mpango wa kazi wa mwaka, hapa Lubumbashi kutoka Katuba hadi Ruashi, hesabu ni ileile: maternite, yaani wodi ya wazazi, ina zamu tatu kwa siku, basi andika wakunga watatu, piga muhuri, peleka ofisi ya zone ya afya. Lakini zamu ni nafasi ya kujazwa, na mkunga ni mtu: ana likizo, anaugua, anafiwa, anaitwa kwenye formasyo, yaani mafunzo.

Tupige hesabu pole pole. Kwa siku tano za kazi kila wiki, mwaka una siku 260. Toa 22 za likizo, 10 za sikukuu, 8 za ugonjwa na formasyo: zinabaki 220. Kwa saa 8 kila siku, mtu mmoja anakupa saa 1760. Maternite haifungwi, nayo inadai saa 8760. Gawanya, unapata watu watano ili mmoja tu awepo muda wote. Makabidhiano ya nusu saa kila zamu yanaongeza saa 547 kwa mwaka, karibu theluthi ya mtu mwingine.

Wakunga watatu wanatoa saa 5280. Pengo ni saa 3480, sawa na siku 145 nzima, mchana na usiku. Nani anazijaza? Stajiere, mwanafunzi wa mazoezi, au mama wa usafi aliyejifunza kukata kitovu kwa kutazama. Au wale watatu wenyewe, saa 56 kila wiki, wiki zote 52, bila likizo, halafu tunashangaa partogramu, karatasi ya kufuatilia uchungu, kukutwa tupu.

Kosa hili huja hata kwa waliosoma WISN, njia ya OMS (Shirika la Afya Duniani) ya kukadiria wafanyakazi kwa mzigo wa kazi. Wanazidisha kuzaa 600 kwa saa 8 za kazi kwa kila mzazi, wanagawa kwa 1760, wanapata 2.7 na kuandika watatu. Kugawa kwao ni sawa, jibu ni baya, kwa kuwa uchungu hauangalii ratiba. Piga hesabu zote mbili, ya mzigo na ya kuwepo saa 24, kisha chukua iliyo kubwa. Kwa saa 8 kila mzazi, mzigo hauipiti hesabu ya kuwepo mpaka ukaribie kuzaa 1100 kwa mwaka. Chini ya hapo usinitajie mzigo.

Na usiku weka wawili. Mama akivuja damu baada ya kuzaa, mmoja anakanda kizazi, mwingine anachoma oksitosini. Huyo wa pili wa usiku anadai saa 2920. Jumla sasa, pamoja na makabidhiano, ni watu saba.

Kuna na misemo mingine ya msimu wa PAO. "Waliofika mwaka jana ndio mahitaji." Rejista huonyesha waliofika tu. Mwezi ambao dawa za malaria zilikatika, wagonjwa walikwenda famasi za barabarani, malaria haikupungua. Miezi hiyo usiitie kwenye wastani. Tena panga kwa mwezi: hapa Lubumbashi mvua ni Novemba hadi Aprili, na foleni hufuata mvua.

"Ongeza asilimia 3 kila mwaka." Sensa ya mwisho nchini Kongo ni ya 1984, yaliyofuata ni makadirio. Mtaa mkongwe na mtaa mpya wa pembeni haviwezi kukua kwa asilimia ileile. Linganisha makadirio yako na watoto waliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu ya watoto wachanga. Vikiachana sana, tafuta sababu kabla ya kuomba hata kitanda.

"Tukipungukiwa, tutaajiri mwakani." Muuguzi wa A1, ngazi ya chuo, husoma miaka mitatu baada ya diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Unayemtaka baada ya miaka minne, mwaka kesho awe tayari darasani.

"Serikali italipa." Asiyemekanizwa, yaani asiye kwenye orodha ya mishahara ya serikali, hula prime, posho yake, kutoka makuta ya wagonjwa. Ukiongeza watu wanne bila mapato kuongezeka, umekata prime ya wote, na wa kwanza kuhama ni yule mwenye mikono mizuri. Kwa kila nafasi mpya, PAO ionyeshe nani analipa, kutoka mfuko gani, kuanzia mwezi gani. Na prime ya usiku iwe na mstari wake, isifichwe ndani ya "mengineyo" pamoja na karatasi na sabuni.