Dari Nyekundu ya Eggleston: Yasemwayo na Ukweli Wake

Picha ile ya mwaka 1973 ya William Eggleston, mpiga picha wa Marekani, haina tukio lolote. Ni dari iliyopakwa rangi nyekundu, balbu tupu, na nyaya tatu nyeupe zinazotambaa kuifuata. Ilipigwa Greenwood, Mississippi, nyumbani kwa rafiki yake. Lakini wekundu wake unakukaba.

"Wekundu ule ni wa kubuni." Ndilo lisemwalo zaidi, na si kweli: dari ilikuwa nyekundu. Kilichoukoleza ni njia ya kuchapa picha iitwayo dai-transfa. Slaidi (filamu yenye picha ya rangi) hunakiliwa kwenye negativu tatu kupitia vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Kutokana na kila negativu hutengenezwa filamu ya jeletini yenye miinuko: palipo nene hunywa rangi nyingi, palipo nyembamba hunywa kidogo. Filamu moja huloweshwa kwenye siani (buluu ya kijani), ya pili kwenye majenta (nyekundu ya zambarau), ya tatu kwenye njano, kisha zote hukandamizwa kwa rola, moja baada ya nyingine, juu ya karatasi ileile. Zikiachana kidogo tu, utapata kitu kama khanga iliyopigwa chapa ovyo, rangi imetoka nje ya ua lake. Fundi akizidisha asidi kwenye beseni la rangi (ni asidi ileile ya siki), picha hukolea. Na kwa kuwa kila rangi ina beseni lake, anaweza kuichezea majenta bila kuigusa njano. Wekundu ni hizo mbili zikilaliana.

"Mpiga picha hodari huchapa mwenyewe." Eggleston aliwaachia mafundi. Njia hii aliikuta kwenye orodha ya bei ya maabara moja ya Chicago, nayo ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Wateja wa maabara hiyo walikuwa watu wa matangazo.

"Kazi yote hufanyika gizani, chini ya taa nyekundu." Hapana. Kukandamiza rangi hufanyika taa za kawaida zikiwaka. Isitoshe, karatasi ya kawaida ya picha za rangi ukiiwashia taa nyekundu umeiharibu.

"Yeye ndiye wa kwanza kuingiza rangi Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York." Si kweli: maonyesho yake yalikuwa 1976, na mpiga picha Ernst Haas alikuwa ameshaonyesha picha zake za rangi humo mwaka 1962. Kilichowaudhi wakosoaji, Hilton Kramer akiwemo, ni picha za baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu na vitu vya namna hiyo. Kramer aliona uchovu mtupu. Mimi naona ujeuri mtamu: gharama ya tangazo la manukato inamwagwa juu ya kitu ambacho hakuna anayekiuza.

Mapema miaka ya 1990 Kodak iliacha kutengeneza vifaa vya dai-transfa. Mafundi wachache waliwahi shehena iliyobaki, wakaiweka akiba.