Shujaa wa Kigiriki si lazima awe mtu mwema

Kila Achilles, mpiganaji hodari wa Wagiriki katika hadithi za vita vya mji wa Troy, anapotajwa, hakosekani wa kusema: "Shujaa gani huyu? Mwenye visasi, katili, kawaacha wenzake wafe." Atatokea mwingine kumtetea, na utetezi wenyewe ni kumpunguzia makosa. Wote wawili wanachukulia ushujaa kuwa cheti cha tabia njema.

Kwa Wagiriki wa kale, shujaa ni mtu aliyewazidi wengine kwa nguvu na matendo, mara nyingi mwenye damu ya miungu, na baada ya kufa akawa anatolewa sadaka. Sharti la wema halikuwepo. Sisi tumezoea Siku ya Mashujaa, ambapo tunawashukuru waliotutendea jema, na tunamsoma Achilles kwa macho hayohayo.

Hebu mtazameni Kleomedes, mwanamasumbwi wa kisiwa cha Astypalaia. Alimuua mpinzani wake ulingoni kwenye michezo ya Olympia, akanyimwa ushindi, akarudi kwao akili zimemruka. Akaingia shule yenye watoto wapatao 60, akaiangusha nguzo iliyobeba paa, paa likawaporomokea. Watu wakamkimbiza kwa mawe hadi hekalu la mungu wa kike Athena, akajifungia ndani ya sanduku. Walipolivunja hawakumkuta, hai wala mfu. Wakatuma wajumbe Delphi, hekalu lililotoa majibu ya miungu, kuuliza, wakajibiwa kuwa huyo ndiye shujaa wa mwisho, wamtolee sadaka. Wakamtolea. Hakuna mahali panaposemwa kwamba watoto wale walisahauliwa au kwamba alisamehewa.

Achilles naye hakufichiwa lolote. Neno la kwanza kabisa la Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita hivyo vya Troy, ni hasira, na ni hasira yake. Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, alipomchukulia mateka wake wa kike, Briseis, Achilles hakuishia kususa vita: alimtuma mama yake, mungu wa kike Thetis, amsihi Zeus, mkuu wa miungu, awape Watroy ushindi, Wagiriki wenzake wauawe hadi watambue walichokosa. Patroclus, rafiki yake mpenzi, akafa katika mkondo huo, mikononi mwa Hector, mpiganaji mkuu wa Troy. Achilles akamuua Hector, akamtoboa miguu yote miwili nyuma, kati ya kisigino na kifundo, akapitisha kamba za ngozi na kumfunga kwenye gari lake la farasi, kichwa kikaburutwa vumbini.  Kwenye mazishi ya Patroclus akachinja vijana 12 wa Troy, na utenzi wenyewe unasema ni mabaya aliyoyapanga moyoni. Mungu Apollo anawalalamikia miungu wenzake kwamba mtu huyu ameiua huruma.

Halafu Priam, mfalme wa Troy na babake Hector, anaingia hemani mwa Achilles usiku na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Achilles analia pamoja naye, anamrudishia maiti, anaahidi kusimamisha mapigano siku 11 za maziko. Na hata hapo anamwonya mzee asimchokoze, asije akamuua.

Kwa hiyo anayemwita katili hajamsingizia, na Homer atakuwa shahidi wake. Ombi langu ni moja: akishamaliza kuyahesabu makosa hayo, asiongeze "basi hakustahili kuitwa shujaa". Waliokuwa wakimtolea Achilles sadaka kaburini kwake, karibu na Troy, waliyajua yote haya.