Flata: hewa inapolichochea panga la injini litetemeke

Ukibeba ndoo ya maji kichwani, maji yakaanza kucheza sawasawa na hatua zako, haupiti muda yanakumwagikia mgongoni. Ndiyo maana watu huweka jani juu ya maji: jani linameza ile nguvu ya mawimbi. Mapanga ya kompresa, sehemu ya injini ya ndege inayobana hewa, yana balaa la namna hiyo, ila kwao ni maelfu ya mara kwa sekunde.

Chukua rota, yaani gurudumu lenye mapanga, inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, nyuma ya safu ya mapanga 30 yasiyozunguka. Katika kila mzunguko, panga la rota hukata vivuli 30 vya hewa iliyopungua kasi. Hayo ni mapigo 3,000 kwa sekunde. Kama mtetemo wake wa asili, yaani ule ambao panga hutetemeka lenyewe likigongwa, nao ni 3,000 kwa sekunde, kwa saa moja litakuwa limepinda zaidi ya mara milioni 10, na nyufa huanza hivyo. Hili angalau hukwepeka: kwa mchoro wa Wilfred Campbell wa mwaka 1924, unaolinganisha kasi ya mzunguko na mitetemo ya asili, mhandisi huona ni kasi ipi ya kuogopa.

Flata ni jeuri zaidi, maana hakuna anayepiga. Panga hutikisika kidogo, mtikisiko hubadili upitaji wa hewa, na hewa hiyo hulisukuma panga lizidi. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilianguka mwaka 1940 kwa jambo la ukoo huo.

Kompyuta huulizwa swali moja: katika mtetemo mmoja kamili, nani kampa nani nishati? Nafasi kati ya mapanga hukatwa vijichumba, mara nyingi mamilioni, na milinganyo ya Navier-Stokes, ile inayoeleza mwendo wa hewa na vimiminika, hukokotolewa humo kidogo kidogo kadiri muda unavyosogea. Kisha hujumlishwa kazi ambayo hewa imelifanyia panga. Ikiwa hasi, hewa ndiyo jani la ndoo. Ikiwa chanya, mtetemo unakua.

Kinachochosha ni majirani. Wimbi huzunguka rota nzima, kila panga likichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Rota ya majaribio ya NASA iitwayo Rotor 67 ina mapanga 22, kwa hiyo kuna namna 22 za kuchelewa za kupima. Na kichekesho ni kwamba hesabu hizi kwa kawaida huchukulia mapanga yote ni pacha, kumbe tofauti ndogo za kiwandani, ambazo fundi angezionea aibu, mara nyingi hulivuruga wimbi na kuituliza flata. Tofauti hizohizo, kwenye yale mapigo 3,000, huweza kulitwisha panga moja mtetemo mkubwa kuliko wenzake wote.